Kutoka Nakuru Hadi Chini ya Maporomoko ya Thomson: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Kwenye maporomoko ya Thomson, Nyahururu, kutoka mahali magari yanapoegeshwa hadi ukingo wa korongo ni hatua chache tu. Mzee mwenye bakora anafika, mama mwenye mtoto mgongoni anafika, na wote wawili wanayaona maji yote yakianguka, kuanzia mdomo wa mwamba hadi kwenye povu. Sijui maporomoko mengine makubwa karibu na Nakuru yanayofikika kirahisi namna hii. Makalia, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ni mazuri pia, lakini huko unahitaji gari na ada ya hifadhi, na kiangazi kikikaza mto wake hunywea. Thomson unakwenda kwa matatu na bodaboda, basi.

Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Wanafika, wanapiga picha tano wakiwa wameegemea ua, wanakunywa soda, wanarudi mjini. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikwenda hivyo, na kikundi, katika gari la kukodi ambalo dereva wake alitupa dakika ishirini kwa saa yake. Nilirudi Nakuru nikiwa nimeona nusu. Nusu ya pili iko chini, kule maji yanakotua baada ya kuanguka mita 74, na mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya nusu hiyo. Nimeshuka mara kadhaa tangu hapo. Safari iliyonifundisha zaidi ni ile niliyompeleka shangazi yangu kutoka Kisumu, mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye magoti yake humsumbua wakati wa baridi. Kama yeye alishuka na kupanda, watu wengi wanaweza, mradi wajiandae.

Chagua wakati

Mto unaoanguka pale ni Ewaso Narok. Kwa Kimaasai ewaso ni mto, narok ni nyeusi. Maji yake hutoka upande wa Ziwa Ol Bolossat na miteremko ya milima ya Nyandarua, hupita kwenye kinamasi kabla ya kufika ukingoni, huanguka, kisha huendelea kaskazini kuungana na Ewaso Ng'iro unaoishia kwenye kinamasi cha Lorian, mbali huko kwenye nchi kavu. Kwa hiyo utakachokikuta hakitegemei mvua iliyonyesha Nakuru jana. Kinategemea iliyonyesha Nyandarua wiki zilizopita.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji huwa mengi na ya rangi ya chai ya maziwa, mngurumo wake unausikia kabla hujaona chochote. Ukiwa juu utafurahi sana. Lakini ngazi za kushukia huwa na utelezi mbaya, na siku ya mvua kubwa mimi sishuki kabisa. Januari na Februari ni kinyume chake: ngazi zimekauka, ila maji yamepungua, na kiangazi kikiwa kirefu unaona mwamba mwingi kuliko maji. Julai na Agosti sehemu zile hupata mvua tena.

Nikiulizwa, nasema nenda mvua kubwa ikishakatika wiki mbili au tatu hivi, yaani mwanzoni mwa Juni, au vuli ikiisha kabla ya umati wa Krismasi. Mto bado umejaa, udongo umeshashikana.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumapili na sikukuu ngazi hujaa, wanaoshuka wanagongana na wanaopanda, na mtu anayetaka kupumzika katikati ya njia hana pa kusimama. Kwa mwenye magoti mabovu, hilo pekee linatosha kuharibu safari.

Viatu kwanza, mengine baadaye

Shangazi alikuja Nakuru na viatu viwili: vya kanisani, vyenye kisigino kifupi, na patipati za nyumbani. Jioni ile tulikwenda kwenye mitumba tukamtafutia raba. Nilizigeuza juu chini moja moja na kukwaruza soli kwa ukucha. Soli iliyolika inateleza kama sahani. Unataka ile yenye meno ambayo bado yanashika kidole ukiyapapasa. Tukapata jozi ya kijani, saizi moja zaidi ili avae soksi nene. Usinunue inayobana, maana ukiteremka vidole husukumwa mbele na kucha zitakuuma siku tatu.

Nguo nazo zinahitaji hesabu kidogo. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850, Nyahururu mita 2,360. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo huko Nyahururu mtu wa Kisumu atakuta baridi ya nyuzi saba au nane zaidi ya aliyoizoea. Julai, usiku wa Nyahururu hushuka chini ya nyuzi 10. Vaa fulana, juu yake sweta, juu yake jaketi jepesi la mvua. Sweta moja nzito peke yake haifai: ukipanda ngazi utatokwa jasho na hutakuwa na cha kupunguza, na kule chini mvuke wa maji utailoanisha ikakulemea.

Beba pia maji ya kunywa, lita moja kwa kila mtu, na chai kwenye thermosi. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza ni la kuwekea simu na pesa. Chukua soksi kavu, kitambaa laini cha pamba cha kufutia kioo cha simu, kitambulisho, na noti ndogo ndogo pamoja na pesa kidogo kwenye M-Pesa. Mwenye pumu asiiache inhela yake kwenye gari, aitie mfukoni. Hewa ya kule juu ni nyepesi, na mtu wa pwani ya ziwa huanza kuhema mapema.

Njia

Kutoka Nakuru, panda matatu ya Nyahururu inayopitia Subukia. Ni kilomita 65 hivi, saa moja na nusu ikiwa barabara ni nzuri. Ondoka saa moja asubuhi. Kaa dirishani usilale, kwa sababu njia yenyewe ni sehemu ya ziara: unapita Maili Sita na Bahati, kisha ardhi inafunguka ghafla na barabara inateremka kwenye bonde la Subukia, mashamba yakiwa yametandikwa chini kama mikeka. Subukia ndiko kuliko na hija ya kitaifa ya Wakatoliki ya Bikira Maria, kilimani, na watu wengi huunganisha safari hizi mbili. Mimi sishauri kuziunganisha kwa siku moja. Hija inataka utulivu wake. Karibu na hapo unavuka Ikweta, halafu gari linaanza kupanda tena hadi Nyahururu.

Anayeendesha gari lake mwenyewe ateremke Subukia kwa gia ndogo, asikanyage breki mfululizo hadi zinuke. Miezi ya mvua ukungu wa asubuhi unaweza kuziba barabara kabisa; washa taa za chini, usizime, na usimpite mwenye lori kwenye kona hata akikupa ishara.

Kutoka Kisumu kuja Nakuru kupitia Kericho ni kilomita 180 hivi. Lala Nakuru. Kufanya yote kwa siku moja ni kufika Nyahururu alasiri ukiwa umechoka, na ngazi zile hazimtaki mtu aliyechoka.

Ukishuka steji ya Nyahururu, mwambie mwenye bodaboda "Nipeleke Thomson." Haina haja ya maelezo. Patana nauli kabla ya kupanda. Ni mwendo wa dakika chache tu.

Langoni utalipa kiingilio. Mkenya na mgeni hawalipi sawa, ndiyo maana nimesema ubebe kitambulisho. Chukua risiti uiweke. Ndani utakuta wauza vinyago, na mara nyingi watu waliovaa mavazi ya asili wanaocheza ngoma kwa ajili ya wageni. Hiyo ni kazi yao. Ukitaka picha nao, ulizia bei kabla hujatoa simu mfukoni, na mkishakubaliana lipa bila kuvutana.

Ukiwa juu

Usikimbilie ngazi. Keti robo saa, kunywa chai, acha pumzi itulie baada ya safari. Huo ndio muda mzuri wa kuwasimulia watoto jina lilikotoka. Joseph Thomson alikuwa Mskoti aliyepita sehemu hizi mwaka 1883 akielekea Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Husemwa kwamba aliyapa maporomoko jina la baba yake. Jina la ukoo wake liko pia kwa swala tomi, yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni anayeonekana kwenye hifadhi ya Ziwa Nakuru. Enzi za ukoloni mji mzima uliitwa Thomson's Falls. Ile hoteli ya zamani iliyo pale pale ilijengwa mwaka 1931. Bila shaka wenyeji waliusikia mngurumo huu karne nyingi kabla ya Thomson kupita, na hilo nalo watoto waambiwe.

Kuhusu upinde wa mvua: watu humuuliza mpiga picha "Unatokea saa ngapi?" kana kwamba una ratiba. Kanuni ni moja. Jua liwe mgongoni kwako na matone yawe mbele yako. Jua likiwa juu sana, kama linavyokuwa kwetu Ikweta karibu na adhuhuri, upinde hauwezi kuonekana angani, unashuka chini ya macho yako. Kwa hiyo ukiwa ukingoni saa tano au saa sita, usitazame juu. Tafuta kivuli cha kichwa chako kinakoelekea, kisha chungulia korongoni upande huo ambako mvuke umetanda. Kama mvuke unafika hapo na hakuna wingu, utauona umelala chini, wakati mwingine karibu mduara mzima.

Na jambo moja ambalo sitalilainisha: usivuke ua. Usimruhusu mtoto kukalia ua, usitambae kwenda kwenye mwamba wa juu ambako mto unaanza kuanguka ili upate picha. Mawe yale yana ukoga mwembamba usioonekana, na hakuna cha kushika.

Kushuka

Njia ni moja tu, ile ya ngazi za mawe. Utaona vijia vingine vimechorwa na miguu ya watu kwenye nyasi, viache. Ukuta wa korongo ni mwinuko mkali na udongo wake humeguka.

Chukua mwelekezi, hata kama umewahi kushuka. Patana naye waziwazi: bei ni ya kikundi au ya kila mtu, ni ya kushuka tu au hadi kurudi juu. Yule aliyetupeleka alikuwa kijana mtulivu, na kabla ya kupiga hatua alimtazama shangazi miguuni.

"Mama, umevaa vizuri. Lakini mkoba nipe mimi."

"Una simu yangu humo, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuomba. Huku chini utahitaji mikono miwili."

Alikuwa sahihi. Ngazi zile hazikupimwa kwa rula. Moja ni fupi kama kitabu, inayofuata inakufikia nusu ya muundi, nyingine imeinamia nje. Mtu mwenye magoti mazima hazioni tofauti hizo, mwenye magoti mabovu anazihisi zote. Alimfundisha shangazi kushuka kiubavu: unageuka kidogo, unatanguliza mguu wenye goti bovu, unaukita wote, kisigino hadi vidole, ndipo unauleta mwingine pale pale. Mguu hadi mguu, kama mtoto anayejifunza. Kwenye ngazi ndefu, keti. Hakuna aibu ya kukalia jiwe na kujisogeza, hata suruali ikichafuka.

Mwelekezi alikaa mbele ya shangazi ngazi mbili chini, mimi nyuma. Huo ndio mpangilio wa mzee au mtoto: mwenye nguvu awe chini, kwa sababu anayeteleza huelekea chini. Mtoto wa chini ya miaka mitano mimi namwacha juu na mtu mzima mmoja, na wanapokezana.

Usishike majani bila kutazama. Katikati ya njia shangazi alinyoosha mkono kutafuta cha kujishikiza, na mwelekezi akapiga kelele, "Mama, hapana! Hiyo thabai!" Thabai ni mmea wa kiwavi, wenye jani lenye vinywele vinavyochoma kama siafu wengi kwa pamoja. Ukichomwa usisugue. Mwagia maji, uache.

Kadiri unavyoshuka hewa inabadilika. Kwanza unasikia harufu ya udongo mbichi na majani. Kisha mawe yanakuwa meusi kwa unyevu, ukoga wa kijani unaanza kwenye kingo za ngazi, na hapo ndipo kasi ipunguzwe kabisa, kwa sababu watu wengi huanza kuharakisha wakiona maji yamekaribia. Kanyaga katikati ya ngazi palipolika kwa miguu ya watu, usikanyage kingo. Sisi tulitumia karibu nusu saa kushuka. Kijana mwenye haraka atatumia theluthi ya muda huo, na hilo si shindano.

Chini

Huwezi kuongea. Utaona mdomo wa mwenzako ukicheza bila sauti. Upepo unaotoka pale maji yanapotua unakupiga usoni ukiwa umebeba matone madogo sana, na ndani ya dakika mbili nyusi zimejaa vishanga vya maji na kioo cha simu kimekuwa ukungu. Toa simu kwenye kopo, futa kioo, piga picha tatu haraka ukiyapa maporomoko mgongo nusu, irudishe kwenye kopo. Baada ya hapo sahau simu na utazame. Chagua pande moja la maji juu kabisa na ulifuate kwa macho linavyoanguka: linaanza kama shuka, linachanika, linakuwa nyuzi, likifika chini ni moshi. Shangazi alifanya hivyo mara nyingi, kichwa kikipanda na kushuka, jaketi likimetameta, na hakutaka kuguswa bega.

Usiogelee, na usiingie majini hata kifundo. Maji yanayoanguka kutoka urefu ule hujikunja na kuvuta kuelekea chini, na mawe ya ndani huyaoni. Usiyanywe pia; yamepita mashamba na mifugo. Tafuta jiwe kavu mbali kidogo na mvuke, kaa, kula ulichobeba, na takataka zote zirudi juu na wewe. Dakika ishirini au thelathini zinatosha, baridi ikiingia kwenye nguo ni ishara ya kuondoka. Ukiona maji yanabadilika rangi ghafla kuwa ya tope au yanaongezeka, usingoje ishara nyingine, anza kupanda.

Kupanda

Hapa ndipo mwinuko unapodai haki yake. Siri ni kupumzika kabla hujachoka. Tulihesabu ngazi ishirini, tukasimama, tukavuta pumzi kumi, tukaanza tena ishirini. Anayengoja hadi moyo upige masikioni ndipo asimame, huchukua muda mrefu zaidi kufika. Safari hii tanguliza mguu wenye goti zima. Kunywa maji kidogo kidogo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoisha ukiketi, au kuhema kusikotulia si uchovu wa kawaida: mtu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine apande kutafuta msaada.

Ukifika juu badilisha soksi mara moja. Miguu mikavu inarudisha uhai wote.

Muda ukibaki

Upande wa juu wa mto, kwenye kinamasi, kuna viboko. Wapo wanaotembea kwenda kuwaona. Usiende bila mwenyeji, usisimame kati ya kiboko na maji, na uondoke mapema alasiri, maana giza likikaribia ndipo wanapotoka kula nyasi. Nyahururu ni mji wa wanariadha vilevile. Samuel Wanjiru, aliyeshinda dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, alitoka huku, na ukiwa barabarani asubuhi sana utawapita wakimbiaji wakiwa kwenye mazoezi.

Rudi steji kabla ya saa kumi alasiri ili uteremke Subukia kukiwa bado na mwanga. Nunua viazi na minji kabla hujapanda gari, ni vya shamba la karibu na vibichi kabisa. Shangazi alinunua minji ya maganda akaimenya mapajani njia nzima, akinipa mimi maganda. Raba za kijani ziko mlangoni kwangu hadi leo, zimeoshwa, zimejazwa magazeti ndani zisipoteze umbo. Aliniambia nisimpe mtu, atazifuata Juni.